Nguzo za Wakfu

Mwaka ule chuo alichosoma Anfal kilinuia kupeleka gari la jua kwenye mashindano katika nchi za kusini, na kila mwanafunzi aliyetamani kusafiri alikabidhiwa kiungo kimoja cha gari, akibuni kwa akili yake na akitengeneze kwa mali yake. Wako waliopewa breki, wako waliopewa usukani. Anfal binti Sheikhan, msichana pekee katika kundi lile, alipewa miguu ya paa. Mkaguzi angekuja Jumamosi. Kiungo kitakachopita, chuo kingetoa fedha kitengenezwe upya kwa vifaa bora, na mwenye kukibuni angepanda ndege pamoja na gari. Kitakachoshindwa, mwenyewe angebaki nyumbani.

Majirani wa Mtaa wa Mchikichi walipolisikia jambo hili walilifanyia mzaha. Mzee Mrisho, aliyekuwa akisimamia mazishi ya msikiti wao, aliuliza tangu lini gari likaota miguu. Sheikhan akamweleza, kwa fahari ambayo hakuweza kuificha, kwamba gari lile lilikuwa bapa kama kobe na lilibeba paneli za sola mgongoni. Likiwa safarini, paa hulala. Likisimama asubuhi na jioni kujaza betri, paa huinuliwa upande mmoja ligeuze uso kulitazama jua, na jua likisogea, nalo husogezwa. Ndipo ilipohitajika miguu miwili, myepesi, yenye kurefuka na kufupika, na yenye kusimama pale inapoamrishwa.

"Kumbe ni turubai," alisema Mrisho.

"Ni turubai," aliitikia Sheikhan, na neno hilo likamwingia moyoni likakaa.

Maana Sheikhan alikuwa fundi wa maturubai. Duka lake lilikuwa chini ya nyumba ya urithi, nyumba ya kale iliyobanwa na maghorofa pande tatu, hata jua lilifika uani kwa kupokezana. Humo alishona, akakodisha, akatengeneza yaliyochanika. Kijana wa kiume Mola hakumjaalia, na kwa miaka mingi aliamini kwamba ujuzi wake ungezikwa naye. Sasa binti yake alikuja dukani na michoro mikononi, akamwuliza habari za nguzo.

Anfal alikuwa amechora bano. Lilikuwa pete ya chuma yenye skrubu, ya kulikumbatia bomba na kulishika mahali popote. Sheikhan aliutazama mchoro kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. Alisema bano ni kama ahadi ya mlevi, halikosi kuteleza. Yeye alikuwa akisimamisha maturubai tangu ujana wake kwa mabomba yanayoingiana na pini ya kupenya kwenye tundu, na hajamwona mtu aliyeangushwa na pini.

"Lakini, Baba, pini inaruka kutoka tundu hadi tundu. Jua haliruki."

"Basi tutayasogeza matundu yakaribiane. Jua likienda kidole, nasi tunakwenda kidole."

Anfal alicheka, akaukunja mchoro wake. Likabaki suala la bomba. Mabomba ya dukani yalikuwa ya chuma. Waliliweka moja juu ya mizani, na Anfal akatikisa kichwa, kwani gari zima lilihesabiwa uzito kama mtu anayehesabu pumzi. Wakaenda kwenye maduka ya vyuma ya Gerezani kutazama mabomba ya alumini. Anfal alisoma bei, akalirudisha bomba mahali pake taratibu, kama anayemrudisha mtoto wa watu kwa mamaye. Wakarudi mikono mitupu.

* * *

Darini kwa Sheikhan palikuwa na turubai moja ambalo halikuwa lake. Marehemu baba yake alilileta kutoka ng'ambo alipokuwa na uwezo, turubai zito la rangi ya mchanga, na nguzo za alumini nyepesi ambazo wazee wawili waliweza kuzisimamisha kabla maji ya kuoshea maiti hayajachemka. Akaliweka wakfu. Sharti lake lilikuwa fupi: kila maiti wa mtaa ule, awe tajiri, awe mchukuzi, waombolezaji wake wakae chini ya kivuli hicho bila malipo, na lisitumike kwa harusi, wala kwa mkutano, wala kwa faida ya yeyote. Usimamizi akamwachia mwanawe.

Kila nguzo ilikuwa ya vipande vitatu vinavyoingiana. Sheikhan alipanda darini baada ya adhuhuri, akatoa vipande viwili vya juu vya kila moja katika nguzo mbili, akaviweka begani, akateremka. Thuraya, mkewe, alikuwa ukumbini akichambua mchele. Aliyaona mabomba kabla ya kumwona mumewe.

"Baba Anfal, hizo si za Marehemu?"

"Sizikati. Natoboa tu. Ni za ukaguzi, basi. Jumamosi jioni zimesharudi."

"Na akifa mtu kabla?"

"Usituombee mabaya, Thuraya."

"Mimi siombi kitu. Lakini kifo hakichungulii darini kwanza, kuona kama nguzo zimetimia."

Sheikhan aliyaweka mabomba sawa begani. Katika madrasa ya utotoni alikwisha kusomeshwa mlango wa wakfu, akajua wanazuoni wamenena nini juu ya mwenye kuiondoa mali hiyo katika njia iliyowekewa. Siku ile elimu yake ilikuwa kama taa ya chumba cha pili. Aliuona mwanga wake chini ya mlango, na mlango hakuufungua. Alipita na mabomba yake hadi dukani, akamkuta Anfal ameinamia meza, akamwambia kwamba Mungu si Athumani: mabomba haya yalibaki katika kazi ya zamani, hayana mwenyewe.

Anfal alilinyanyua moja kwa kidole kimoja. Uso wake ulifunguka, na baba yake alipouona uso ule akawa mtu mwenye furaha kuliko wote Kariakoo.

Wakaanza kutoboa. Sheikhan alizungusha keekee, Anfal akashika bomba, na chembechembe za alumini zikamwagika miguuni mwao. Walipofika tundu la tatu Anfal alisita. Aliliweka bomba usawa wa jicho, akapitisha kidole gumba juu ya matundu yaliyopangana mstari mmoja, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Baba yake alidhani anavuta uradi.

"Vipi?"

"Naona kama tuyaachanishe kidogo, Baba. Au tuyapishanishe, moja huku, jingine kule."

"Si wewe uliyesema jua haliruki?"

Anfal aliutazama mkono wa baba yake, uliokuwa umeshika keekee tayari, na jasho lililokuwa likimtiririka hadi ndevuni. Akatabasamu.

"Haya. Tuendelee."

Ijumaa baada ya sala waliijaribu miguu uchochoroni, nyuma ya duka. Paa la mfano lilikuwa ubao mpana uliofungwa bawaba upande mmoja. Waliuinua, wakapenyeza pini, wakapakia juu yake vichwa viwili vya cherehani na marobota ya kitambaa. Miguu haikutikisika. Waliuinua zaidi, ukasimama. Wasukuma maguta walikuwa wakipita na mizigo, wakalazimika kungoja, na mmoja wao akauliza mzee anaanika dagaa au anaanika mashine.

"Anatengeneza kitanda cha mkwe," alisema mwenziwe. "Huoni kinainuka? Mkwe akikoroma, kinamteremsha."

"Naanika jua lenyewe," alisema Sheikhan, "maana naona limewapiga hadi likatoka jasho."

Wakacheka, wakapita. Uchochoro ulikuwa kimya, bila upepo, kama ulivyo siku zote katika mitaa ile iliyozibwa na maghorofa. Hata mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye nyaya za umeme ilining'inia kama matunda. Sheikhan aliupiga ubao kofi mara mbili, akasema alhamdulillah. Anfal alisema alhamdulillah baada yake, kwa sauti ndogo.

* * *

Jumamosi gari la chuo lilikuja asubuhi likawachukua Anfal na miguu yake, likaelekea Kigamboni, ambako ukaguzi ungefanyika kwenye uwanja mpana. Sheikhan alikuwa hajakunywa chai aliposikia kikohozi cha Mrisho mlangoni. Mrisho hakuwa na desturi ya kukohoa isipokuwa amebeba habari.

"Bi Kijakazi katutoka," alisema.

Sheikhan alisema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, na ulimi ulilisema neno lile peke yake, kwani moyo ulikuwa umekwisha kupanda darini. Bi Kijakazi alikuwa amekaanga vitumbua pembeni mwa msikiti, na watoto wa mtaa ule walivila kizazi baada ya kizazi, wenye hela na wasio nayo. Mwanawe mmoja, Khalfani, alikuwa kuli bandarini. Hawakuwa na ua, hawakuwa na ukumbi. Chumba chao kilitazama barabara, na watu wote wangekaa juani. Mazishi yalikuwa baada ya alasiri.

Mrisho alisema amekuja na vijana kuchukua turubai.

"Nguzo mbili hazijatimia," alisema Sheikhan.

"Hazijatimia vipi?"

"Vipande vya juu havipo. Vimetoka."

"Vimetoka vimekwenda wapi?"

"Kigamboni."

Mrisho alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka. "Nguzo zimepanda pantoni," alisema. "Zinakwenda kufanya nini huko?"

Sheikhan akamweleza. Alieleza vibaya, akitangulia, akirudi nyuma, akilitaja jina la Anfal mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akasema maturubai yake mwenyewe yako kwenye harusi Temeke hadi kesho, na hata yangekuwapo, mabomba yake ni manene, hayaingii katika pete za lile la wakfu. Mrisho alimsikiliza hadi mwisho. Hakumlaumu, hakumsomea hadithi ya Mtume, wala hakumkumbusha baba yake. Alisema neno moja tu.

"Zilete."

Vijana wakashusha turubai na zile nguzo zilizotimia, wakatoka nalo begani. Thuraya alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshavaa baibui tayari kwenda msibani. Alimpa mumewe kofia yake mkononi, na alipoona haivai akamvisha mwenyewe.

* * *

Kwenye pantoni Sheikhan alisimama mbele kabisa, karibu na mnyororo, na moyo wake uliomba dua mbili zisizoweza kukaa katika kifua kimoja. Aliomba binti yake afaulu. Aliomba amkute amekwisha kufaulu, ili aingie, achukue nguzo, aondoke, na kila mwenye haki apate haki yake.

Uwanja ulikuwa wazi, umbali mfupi kutoka pwani, na gari lilikuwa katikati likimeremeta. Kijana mmoja wa chuo alipomwona mzee mwenye kanzu akija mbio alimwelekeza kwa adabu kwamba chakula kinashushwa kule nyuma, kwenye miti. Sheikhan alimshukuru. Akaenda kusimama kwenye miti, karibu na masufuria ya watu wengine, kwa sababu hakujua asimame wapi.

Kumbe zamu ya paa ilikuwa haijafika. Mkaguzi, mhandisi aliyeitwa Jovitha, mama mtulivu mwenye miwani, alikuwa bado chini ya gari akitazama breki. Anfal alikuwa ameshika mguu mmoja wa paa, hajauweka. Kati yake na baba yake palikuwa na hatua chache tu. Wakati ule Sheikhan angeweza kumwita. Angeweza kusema, "Mwanangu, Bi Kijakazi kafariki, hizi nguzo ni zake," na Anfal angezitoa bila swali, na safari yake ingekwisha pale pale, na maiti angesitirika. Sheikhan aliufungua mdomo. Kisha akamwona Anfal akilipangusa bomba kwa ncha ya mtandio wake, akaufunga. Aliiambia nafsi yake kwamba alasiri bado iko mbali.

Jovitha akanyanyuka, akaagiza paa lijaribiwe. Anfal na Tarsis, kiongozi wa kundi, waliliinua kwa usawa wa jua la mchana, wakapenyeza pini. Likasimama. Jovitha akalisukuma kwa kiganja, akaandika. Akaagiza usawa wa alasiri. Wakalipandisha tundu kwa tundu, likasimama. Sheikhan alisema alhamdulillah chini kwa chini. Jovitha akaagiza usawa wa mwisho, wa jua linalokaribia kuzama, paa lisimame karibu wima.

Ilikuwa saa ambayo upepo wa bahari huamka. Haukuwa na nguvu za kutisha. Wanafunzi walishika karatasi zao tu, na kanzu ya Sheikhan ikamgandamia miguuni. Lakini paa lile pana lilikuwa limeutazama upepo kwa uso mzima. Bomba la kushoto lilijikunja pale pale penye matundu, kama goti la mtu anayeteremka kusujudu, na la kulia likamfuata. Pini hazikuteleza. Zilikaa imara katika matundu yake huku bomba likikatika kando yake. Paa likaanguka, na mlio wa paneli zikipasuka ukawa mkavu na mwembamba.

Hakuumia mtu. Jovitha alichutama, akalishika bomba, akayatazama matundu kwa muda.

"Nani kabuni hii miguu?"

"Mimi," alisema Anfal.

"Mimi ndiye niliyetoboa," alisema Sheikhan. Wote wakageuka, na wengi wao ndiyo kwanza wanamwona. "Ni mimi, mama. Yeye alichora kingine."

Jovitha alimwamkia kwa heshima. Akamwuliza, kama anayeuliza fundi mwenziwe, upepo wa ubavuni waliuwekea nini.

"Kamba," alisema Sheikhan, kisha akanyamaza, kwa sababu hapakuwa na kamba. Miaka yote ile, katika kila turubai alilolisimamisha, kamba ndizo zilizopambana na upepo, na nguzo zilibeba uzito tu, wima, bila bughudha. Alizisifu nguzo kwa kazi iliyofanywa na kamba. Uchochoroni mwake upepo haukuwahi kuja kumwambia.

Tarsis aliokota vipande vya paneli kwenye ndoo. Alimwamkia mzee shikamoo, akamsogeza Anfal kando, lakini sauti yake ilisikika. Alisema Mkaguzi amewapa hadi Jumatano, na kwamba miguu atapewa Theophil, aliyekuwa amebaki bila kiungo. Theophil angetumia bano.

"Kama lile ulilolichora mwanzo," alisema Tarsis. "Lilikuwa zuri lile, Anfal. Sijui kwa nini uliliacha."

Anfal alisema sawa. Akalegeza skrubu, akatoa mabomba yaliyokunjika, akayafunga pamoja kwa mtandio wa mkobani mwake, akamwendea baba yake.

* * *

Walipanda pantoni pamoja, mabomba yamelala mapajani mwao, na abiria waliopita waliyatazama, wakawatazama wao.

"Sikujua kama utakuja kuniangalia, Baba," alisema Anfal baada ya muda. "Ningekuambia usije, ungekataa?"

Sheikhan aliyatazama maji. Lingemwia jepesi jibu la uongo, na lingekuwa hata la huruma.

"Sikuja kukuangalia. Nilikuja kuchukua nguzo." Akamweleza habari za Bi Kijakazi, na habari za darini, na sharti la babu yake.

Anfal hakulia. Alilifungua fundo la mtandio, akalifunga tena kwa nguvu zaidi, akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu."

Mtaani turubai lilikuwa limesimama upande mmoja na kuporomoka upande wa pili. Vijana walikuwa wameliegemeza kwa mti wa fagio na ngazi ya fundi rangi, na kila mtu akijipenyeza kutafuta nafasi ngazi ilisogea, na turubai likawashukia wazee kofiani. Sheikhan alipotokea na mabomba yaliyopinda mkononi, mazungumzo yalikatika. Watu wote walikwisha kuambiwa. Khalfani, mwenye msiba, alimwendea, akampa mkono, akampa rambirambi yeye kana kwamba Sheikhan ndiye aliyefiwa. Wema ule ulimuunguza kuliko matusi.

Mrisho aliyapokea mabomba, akayageuza, akamrudishia. Walijaribu kuyanyoosha kwa nyundo, yakapasuka zaidi. Hatimaye walifunga vijiti ubavuni mwake kwa kamba za katani, kama wafungavyo mkono uliovunjika, wakayachomeka juu ya vipande vya chini. Yalisimama, lakini kwa sharti mtu ayashike. Sheikhan akashika moja. Kijana mmoja akashika la pili.

Wakasali alasiri kwa zamu, kisha maiti akatolewa. Pale kwetu jeneza haliulizi mwenye kulibeba. Likitoka mlangoni kila mwanamume hukimbilia, muuza soksi huacha soksi zake, msukuma guta huacha guta, mabega yanapokezana hadi makaburini, na asiyemjua marehemu hupata thawabu sawa na aliyemjua. Tangu alipobaleghe Sheikhan hakuwahi kuliacha jeneza la mtaa ule lipite bila bega lake. Bi Kijakazi alitoka amefunikwa kanga, wasomaji wakanyanyua sauti, na kijana aliyeshika nguzo ya pili akaiachia, akakimbia kama walivyokimbia wote.

Turubai likayumba. Chini yake walikuwa wamebaki wazee wasioweza kutembea, kwenye mkeka, na wengine wamesinzia. Sheikhan aliruka, akaishika nguzo ya pili kwa mkono wa kushoto, na ya kwanza kwa mkono wa kulia, amejitandaza katikati kama nguo kwenye kamba. Jeneza lilipita mbele yake. Lilipita karibu kiasi cha yeye kunusa udi. Mrisho aliyekuwa mbele alimtazama kwa mara moja, mwendo haukupungua, na mtaa ukameza msafara wote, ikabaki tahlili ikififia kuelekea makaburi ya Kisutu.

Nguzo zilianza kumlemea. Wanawake walikuwa ndani, na kisomo chao kilisikika dirishani. Kisha pazia likasogea, Anfal akatoka na baibui la mama yake, akapita pembezoni mwa mkeka bila kumtazama yeyote. Mzee mmoja aliguna kwamba hapa ni upande wa wanaume. Anfal alimwamkia shikamoo, akaipokea nguzo ya kushoto kutoka mkononi mwa baba yake.

Walisimama hivyo muda mrefu. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya maghorofa, na kivuli chake kilikwisha kuwafikia wazee, kikawa kivuli juu ya kivuli.

"Ulijua?" aliuliza Sheikhan.

Anfal aliyatazama matundu.

"Nilijua. Kwenye tundu la tatu. Nilipiga hesabu kichwani, ikanikatalia. Nikapiga tena."

"Na hukuniambia."

"Ulikuja nazo begani, Baba. Umefurahi. Nikasema huenda upepo usije."

Sheikhan alitaka kumwambia kwamba siku nyingine aseme. Neno lilifika ulimini, akakumbuka kwamba siku nyingine hiyo amekwisha kupewa Theophil, akalirudisha. Alitaka pia kumwambia kwamba naye alisema moyoni mwake huenda mtu asife. Akaona hapana haja. Binti yake alikwisha kulijua hilo kwenye pantoni.

Kutoka upande wa Kisutu wakatokea vijana wawili wamebeba jeneza la msikiti likirudi tupu. Lilikwenda kwa mabega ya mamia, likarudi na hao wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakizungumza habari za mpira. Nyuma yao wangefuata watu, wenye vumbi miguuni, wakitaka kukaa na kusoma khitma. Sheikhan alijinyoosha, akahamisha mkono wake wa kulia, akaliinua turubai juu kidogo ili wasiiname wakiingia. Bomba likalia.

"Si hapo, Baba," alisema Anfal. "Shika chini ya matundu. Hapo juu hapahimili."

Sheikhan akateremsha mkono.